Nusu ya Chini ya Fomu

Bwenini, Jumapili, tarehe 3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani, na mgongo unaendeleaje? Je, unakaa chini kati ya mteja na mteja kama daktari alivyokuambia, au unajifanya huna mgongo? Mimi ni mzima wa mwili. Ya rohoni nayaandika hapa chini.

Leo natimiza wiki ya tatu. Kengele ya kwanza hulia saa kumi na moja alfajiri, ya pili hulia kwa ajili ya wasiosikia ya kwanza, na ya tatu sijui ni ya nani, maana wakati huo wote tumeshapiga magoti kanisani. Kuna kengele ya kula, kengele ya kunyamaza, na kengele ya kuruhusiwa kuongea. Kitanda changu kinapiga kelele nikigeuka, kwa hiyo wenzangu thelathini na tisa wanajua kila nikigeuka. Soksi lazima zifike vidole viwili chini ya goti. Sista wa bweni anapima kwa vidole vyake mwenyewe, na ana vidole vinene.

Usicheke. Mimi sicheki. Nalia kila siku baada ya chakula cha jioni, tena kwa foleni, maana choo kizuri cha kulilia ni kimoja na sisi wageni tuko wengi.

Sasa nisikilize. Tulikubaliana muhula mmoja: nikishindwa, narudi kusoma shule ya kutwa pale karibu na nyumbani. Kumbe hapa wana utaratibu wao. Kila mwanafunzi mgeni anapewa fomu ya maoni, karatasi moja tu. Nusu ya juu anaandika mwanafunzi: shule anaionaje, na angependa abaki au aondoke. Akimaliza anaikunja na kuigandisha kwa gundi mbele ya Sista Mkuu. Kisha karatasi inatumwa nyumbani, mzazi anajaza nusu ya chini bila kufungua ya juu, naye anakunja na kugandisha. Siku ya wazazi, tarehe 30 Machi, Sista Mkuu anazifungua zote mbili mbele ya mtoto na mzazi wake. Wakiwa wamesema kitu kimoja, kinafuatwa. Wakitofautiana, wanakaa naye wanazungumza mpaka waelewane.

Yangu nimeshaigandisha. Siruhusiwi kukuambia nilichoandika, ila wewe unanijua. Fomu inakuja kwenye bahasha ya shule. Lakini kabla hujaijaza, niambie mimi: wewe mwenyewe unaionaje shule hii? Siku uliponileta nilikuuliza, ukasema, "Watu wanaisifu." Watu nawajua. Nakuuliza wewe.

Binti yako,
Msimamizi


Dukani, Jumatano, tarehe 13 Februari

Msimamizi wangu,

Marahaba, mwanangu. Mimi sijambo. Mgongo nao upo, na umekumbuka jinsi ulivyokuwa ukinifokea nikae. Tangu uondoke hakuna wa kunikaripia nikisahau kuwapiga watu brashi shingoni, kwa hiyo wateja wanatoka hapa na vinyweleo ndani ya kola, wanajikuna mpaka kwao. Cheo chako kiko palepale, sijampa mtu.

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya pili nikaisoma kwa sauti, na hapo ndipo nilipokosea, maana duka lilikuwa limejaa. Fundi redio alisema masista wanawageuza watoto kuwa saa za ukutani. Alhaji wa duka la vitambaa akamkatalia. Mabinti zake wawili walisoma hukohuko, akasema, na mpaka leo wanaswali sala zao tano bila kukosa, ila hakuna mtu anayekunja shuka kwa pembe kali kama wao. Dereva wa lori akasema mtoto akae na mzazi wake mpaka aolewe. Mwalimu mstaafu akamuuliza mtoto wake yuko wapi, ikaonekana hata yeye dereva hajui vizuri. Tukacheka sana siku hiyo.

Umeniuliza mimi. Mwanangu, kazi yangu unaijua. Kwenye kiti hiki anakaa shabiki wa timu hii, akiinuka anakaa wa timu ile, na wote nawashikia wembe shingoni. Kinyozi akianza kuwa na maoni, wateja wanaanza kufuga nywele. Miaka ishirini na mbili nasema "ni kweli" na "ndivyo walivyo", na nyumba imesimama. Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa na maoni ya kututosha wote wawili, na alipoondoka sikujifunza kuwa na yangu.

Ila hilo la kulia halikunipendeza hata kidogo. Nilipolifikia niliweka mashine chini nikatoka nje, nikamwacha mtu kitini na nusu kichwa. Kula vizuri, hata kama chakula hakina ladha.

Baba yako


Bwenini, Jumapili, tarehe 24 Februari

Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo, na safari hii nikisema sijambo usitafute maana nyingine chini yake. Wewe je? Unakaa?

Kwanza hilo la maoni. Nilikuomba moja, umeniletea ya mtaa mzima. Nimesoma ukurasa wa mbele, nikageuza nyuma kutafuta la kwako, nikakuta "kula vizuri". Baba, mimi si mteja. Nywele zangu hazitahamia kwa kinyozi mwingine.

Pili, kuna jambo limetokea. Hapa wote tunanyolewa, mgeni na mkongwe, kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi. Anakuja bwana mmoja na mashine moja kwa vichwa mia mbili. Nilikuwa kwenye foleni, tangu mbali naisikia mashine inakoroma, na aliyekuwa kitini machozi yanamtoka. Mashine ilikuwa haikati, inang'oa. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa wewe tia maji, lakini kwa mashine ile ungetia hata pipa zima. Nikatoka kwenye foleni nikamwambia kwa adabu, "Samahani, mjomba, hii inaomba mafuta."

Akaniuliza mimi ni nani. Nikasema ni mtoto wa kinyozi. Akacheka, akanikabidhi mashine ili nikome. Nikaifungua, nikayasugua meno yake kwa mswaki wangu wa zamani, nikakimbia kwa sista wa ushonaji kuomba mafuta ya cherehani, nikaifunga. Wa kwanza kumnyoa alikuwa Wakili, rafiki yangu wa kitanda cha juu. Tunamwita hivyo kwa sababu hakuna adhabu asiyoikatia rufaa. Alijipapasa kichwa kizima akasema hana pingamizi. Nilipogeuka, Sista Mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilijua nimekwisha. Akauliza nani kanifundisha, nikamtaja wewe. Akasema, "Basi malizia foleni." Nilinyoa vichwa hamsini na saba, Baba, na yule bwana akanyoa waliobaki kwa mkasi huku amenuna. Mkono ulinivimba nikalala nimeuweka juu ya mto.

Na ni kweli ulivyokuwa ukisema, mtu akishakaa kitini hufungua mdomo. Wa kidato cha nne mmoja aliniambia ameichukia shule hii miaka mitatu, na sasa akihesabu siku zilizobaki anaona ni chache. Mwingine anaona sala zimezidi. Aliyemfuata anasema zisipunguzwe, maana kanisani ndipo mahali pekee anapopata kulala ameketi. Kuna msichana mmoja mdogo ambaye haongei na mtu. Huyo aliniambia kwao wanalala saba chumba kimoja, na hapa ana kitanda chake, na mtu akija kumwondoa itabidi amwondoe pamoja na kitanda.

Wote nikawa nawajibu "ni kweli" na "ndivyo ilivyo". Mwisho Wakili, aliyekuwa anafagia, akaniuliza, "Na wewe je?" Nikababaika. Nikaanza kumtajia waliyosema wengine. Sikujipenda nilivyobabaika. Huo urithi ni wako, nakurudishia.

Je, fomu umeipata?

Binti yako,
Msimamizi mwenye mkono uliovimba


Dukani, Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi ni wazima. Nasema "sisi" kwa mazoea.

Barua yako nimeibandika kwenye kioo, kila anayekaa anaisoma huku namnyoa. Vichwa hamsini na saba! Mimi siku yangu kubwa kabisa nilifika arobaini na moja, na nilikuwa na wewe wa kufagia. Mkono uloweke kwenye maji ya moto yenye chumvi. Na mashine usiibane kwa nguvu zote, ishike kama unavyoshika yai, nilikuonyesha.

Fomu niliipata, na nimeshairudisha. Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Niliiweka kwenye rafu ya kioo na kalamu pembeni, nikisubiri utulivu. Fundi redio akasoma maneno ya juu, "Maoni ya mzazi kuhusu shule", akasema hata yeye ni mzazi, akaandika. Alhaji alipomwona na yeye akataka. Wengi wape, wasemavyo, usipowapa watachukua wenyewe. Kufika Jumamosi karatasi ilikuwa imejaa mpaka pembezoni, watu kumi na mmoja. Seremala ameeleza namna ya kunyamazisha kitanda kinacholia: kaza bolti, kisha weka kipande cha mpira wa tairi kwenye kiungo. Dereva wa lori amelalamikia mashimo ya barabara ya kuja huko. Kuna mzee alikuja kukata ndevu tu, hana mtoto shuleni popote, ameandika kwamba anawaombea. Mwalimu mstaafu ameipa fomu yenyewe alama sita kwa kumi.

Nusu yako ya juu haikuguswa. Fundi redio aliiinua kuelekea kwenye taa, nikamwambia aiteremshe, na kwa kuwa nilikuwa na wembe mkononi aliteremsha.

Nimeikunja, nimegandisha, nimeituma. Naona nimewapa masista kazi nzuri ya kusoma.

Baba yako


Bwenini, Jumapili, tarehe 10 Machi

Baba,

Shikamoo. U mzima? Mimi ni mzima, ingawa Ijumaa nilikaribia kufa kwa aibu.

Niliitwa ofisini kwa Sista Mkuu. Nusu ya chini ilikuwa mezani, imefunguliwa. Alisema gundi ilikuwa imeachia kwa sababu karatasi ilikuwa imelowa mafuta ya nywele. Akanisomea yote, ya kwanza hadi ya kumi na moja, uso mkavu kabisa. Alipofika kwenye alama sita kwa kumi alivua miwani akacheka mpaka katibu wake akachungulia mlangoni. Mpira wa tairi ameuchukulia kwa uzito. Jana vitanda vyote vya bweni letu vilitiwa, na leo hakuna aliyejua kama nimegeuka.

Halafu akavaa miwani, akaniambia, "Hapa naona watu kumi na mmoja, na simwoni baba yako." Baba, niliona aibu, na haikuwa aibu ya ile karatasi. Niliona aibu kwa sababu hata mimi sikuoni.

Amekata nusu mpya ya chini akaibandika chini ya ile yangu, ipo humu ndani ya bahasha. Ujaze peke yako. Anasema siku ya wazazi ikifika bila neno lako, itafuatwa nusu ya juu peke yake. Na mimi nusu ya juu niliandika wiki ile ya kulia. Unajua imesema nini, usijifanye hujui. Nimemwomba niibadilishe, akasema nilichogandisha nimegandisha.

Na sasa hata sijui ningeibadilisha niweke nini. Asubuhi nataka kubaki, jioni nataka kurudi. Nikinyoa nataka kubaki. Nikipata barua yako nataka kurudi, kwa sababu nikiimaliza huwa sijui kama ulinileta huku unipe elimu au ulinileta huku upumue. Nimelisema. Kama ni kosa, utanisamehe.

Usimpe mtu kalamu.

Binti yako


Nyumbani, Alhamisi, tarehe 21 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima.

Jana sikufungua duka. Niliandika kwenye ubao "kinyozi anaumwa mgongo", Mungu anisamehe. Nilikaa na hiyo karatasi kuanzia chai ya asubuhi. Nilidhani ni kazi ya dakika kumi.

Nimeijaza, nimeikunja, nimegandisha kwa gundi ya seremala, haitaachia. Nitakuja nayo mwenyewe tarehe 30. Fundi redio ameniuliza nimeandika nini, sikumwambia.

Wewe pia usiniulize mpaka siku hiyo.

Baba yako


Bwenini, Jumapili, tarehe 7 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Ulifika salama? Basi lilikuwa na nafasi ya kukaa? Mimi sijambo, nalala vizuri na kitanda kiko kimya.

Naandika kukujibu kama nilivyoahidi ofisini, lakini acha kwanza nicheke kidogo kuhusu ule mkutano wa wazazi. Wakili bado anaiga yule mama muuguzi aliyesimama kusema sala zimezidi, watoto wapewe muda wa kusoma, na yule baba wa suti aliyesimama upande wa pili wa ukumbi kusema sala ni chache mno, halafu ikagundulika kwamba ni mke na mume na wamekuja kwenye gari moja. Sista Mkuu aliwaambia waanze kwa kujaza fomu yao nyumbani. Nilikutazama wakati watu wanacheka. Ulikuwa umeshika bahasha kwa mikono miwili na hukucheka.

Nusu yangu uliisikia. "Naomba nirudi nyumbani. Hapa kila kitu kinajulikana kwa kengele, na baba yangu amebaki peke yake na wateja." Niliona kofia yako inavyozunguka mkononi. Ya kwako ilipochanwa, Sista Mkuu aliisoma polepole, kisha akaiweka kwenye faili, akakataa kunipa. Jumatatu nilimwomba niinakili, akakubali, akanipa dakika tano na akageukia dirisha. Nimeinakili neno kwa neno na hapa naiandika tena, ili uone kwamba ninayo:

"Mimi ni kinyozi, baba wa mtoto huyu. Nimeulizwa mimi na ninajibu mimi. Ninachotaka ni kwamba arudi. Nyumba haisemi kitu. Napika cha wawili, nakula cha mmoja, kile kingine nakipasha moto asubuhi nikijifanya nimepikiwa. Hilo ndilo ninalotaka. Lakini mmeuliza ninaionaje shule. Mtoto niliyewaletea alikuwa mkali ndani ya duka langu tu. Nje ya duka alijificha nyuma ya koti langu, na mimi nilipenda ajifiche hapo. Sasa nasikia anawafundisha watu wazima kutia mashine mafuta, na ananikosoa mimi kwa barua. Kwa hiyo naona abaki. Sikumwambia kwamba nataka arudi, kwa sababu angerudi."

Sista Mkuu alisema tumetofautiana, na kwa kanuni tulitakiwa tuzungumze. Tukazungumza nini, Baba? Wewe ulitazama viatu, mimi nikatazama viatu vyako. Ndiyo maana niliomba wiki moja nijibu kwa barua. Katika ukoo wetu mambo yanatoka vizuri zaidi kwenye karatasi.

Wiki hii nzima nimeulizwa na kila mtu. Jana nilikuwa na foleni ya kunyoa, na kila aliyekaa kitini alikuwa na ushauri. Yule msichana mdogo wa kitanda alisema niondoke tu kama nataka, ila nimwachie mashine. Niliwasikiliza wote. Sikusema "ni kweli" hata mara moja, nilisema nitawaambia nikishamwambia baba yangu.

Jibu langu ni kwamba nabaki. Nimemwambia Sista Mkuu asubuhi ya leo na nakuandikia wewe kabla mfuko wa barua haujafungwa. Yeye anadhani ni kwa sababu ya kazi ya kunyoa. Wakili anadhani ni kwa sababu umesema nibaki. Wote wamekosea, na nataka wewe usikosee. Wiki zile zote nilikuwa nalia kwa sababu nilidhani nimeondoka na hakuna aliyepungukiwa. Nilitaka kurudi ili nihakikishe kama bado natakiwa. Sasa umeandika kwa mkono wako, ukalisikiliza likisomwa mbele ya mtu mwingine, kwamba unataka nirudi. Basi naweza kubaki.

Tunafunga shule kwa likizo tarehe 18, saa nne asubuhi. Nitakuwa getini na sanduku langu.

Mwanao